Kupima Migongo Isiyouma: Kwa Nini Tuanzie Kariakoo

Mhadhara wa wazi uliotolewa Mnazi Mmoja, Dar es Salaam

  

Nashukuru kwa kualikwa, na nashukuru zaidi kwamba mmechagua tukutane hapa Mnazi Mmoja. Habari za mwili wa binadamu tumezoea kuzizungumza hospitalini, mbele ya watu ambao tayari wanaumwa. Leo nimekuja kuzungumza habari za watu wasioumwa, na wengi wao wako hatua chache kutoka mlango huu, katika mitaa ya Kongo, Swahili, Nyamwezi na Msimbazi, kazini mpaka saa hii.

Kusudi langu ni moja. Nataka kuwashawishi kwamba mji huu upime migongo na nyonga za watu wake wazima wenye afya, kwa utaratibu na kwa ridhaa yao, na kwamba Kariakoo ndiyo mahali pa kuanzia. Nina hoja tano. Ya pili itakuwa ndefu, mnivumilie hapo, maana nyingine zote zinaiegemea.

1. Asiyejua mzima alivyo hawezi kumtambua mgonjwa

Chukueni fundi cherehani wa miaka 45 pale Mtaa wa Uhuru. Kiuno kinamkamata wiki mbili. Anakwenda kupiga picha, anarudi na bahasha yenye maneno mazito: diski zimepungua, pingili zimesagika. Tangu siku hiyo haamini tena mgongo wake. Anaacha kuinama, anaacha kumbeba mwanawe, ananunua dawa ya kuchua kwa kila muuzaji anayepita. Swali ambalo hakuna aliyemjibu ni jepesi: wenzake wa umri ule wasioumwa, picha zao zikoje?

Jibu lipo, ingawa limetoka mbali. Mwaka 2015 Waleed Brinjikji na wenzake walikusanya tafiti zilizowahusu watu 3,110 wasio na maumivu ya mgongo kabisa. Dalili za diski kuchakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. Wote hao walikuwa wazima, na kila mmoja angeweza kupewa bahasha ile ile ya fundi wetu.

Maumivu ya kiuno si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linataja watu milioni 619 walioishi nayo mwaka 2020, na hakuna tatizo lingine la kiafya linalowapotezea watu miaka mingi zaidi ya kufanya kazi kwa uzima. Ndiyo sababu inaniuma tunapompima mgonjwa bila kuwa na mzima wa kumlinganisha naye.

2. Mgongo mzima hauko wa namna moja. Nyonga ndiyo inayoamua

Pale Laetoli, kusini mwa Olduvai, timu ya Mary Leakey ilifukua mwaka 1978 nyayo zilizokanyagwa katika majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita. Waliozikanyaga walitembea kwa miguu miwili. Kiumbe hawezi kusimama hivyo kwa raha kama mgongo wake ni mnyoofu kama rula. Shingo inaingia ndani, mgongo wa juu unatoka nje, kiuno kinaingia ndani tena. Mikunjo hiyo ndiyo inayoweka kichwa juu ya nyonga, na nyonga juu ya nyayo. Mtoto tunayemwambia "nyoosha mgongo" anatii kadiri anavyoweza, lakini mikunjo ile ikipotea kweli, maisha yake yote atasimama kwa taabu.

Sasa, mkunjo wa kiuno unatakiwa kuwa mkubwa kiasi gani? Kwa muda mrefu madaktari walitafuta namba moja. Mwaka 1948 John Cobb wa New York aliwapa njia ya kupima mikunjo kwenye picha ya eksirei kwa kuchora mistari miwili na kusoma pembe kati yake, na njia yake tunaitumia hadi leo. Namba moja, hata hivyo, haikupatikana. Watu wazima walikuwa wanatofautiana mno.

Aliyetoa ufunguo ni daktari wa Kifaransa, Geneviève Duval-Beaupère, ambaye yeye na wenzake waliueleza katika miaka ya 1990. Yeye aliangalia chini ya mgongo. Kati ya mifupa miwili ya nyonga, juu tu ya kifandugu, kuna mfupa wa sakramu. Uso wake wa juu umeinama kuelekea mbele, na mgongo wote umekaa juu ya uso huo. Kutoka katikati ya uso huo chora mstari hadi katikati ya vichwa vya mifupa ya paja. Kisha chora mstari wa pili ulio wima juu ya uso wenyewe. Pembe kati ya mistari hiyo miwili huitwa insidensi ya nyonga. Kwa mtu aliyekwisha kukua, pembe hii haibadiliki asimame, aketi au ainame. Ni umbo lake.

Insidensi hiyo hugawanyika sehemu mbili ambazo jumla yake ni ile ile daima. Ya kwanza ni mteremko wa sakramu, yaani uso ule umeinama kiasi gani kutoka usawa wa sakafu. Ya pili ni mwinamo wa nyonga, yaani nyonga imezungushwa nyuma kiasi gani juu ya miguu. Mteremko ukipungua, mwinamo unaongezeka kwa nyuzi zile zile.

Nitoe mfano wa kubuni, lakini wenye namba zinazotokea kwa watu kweli. Wachukuzi wawili wana umri mmoja na urefu mmoja. Wa kwanza ana insidensi ya nyuzi 40: mteremko 32, mwinamo 8. Wa pili ana nyuzi 70: mteremko 50, mwinamo 20. Wa kwanza kiuno chake kimeingia ndani kidogo tu, na kinamtosha. Wa pili anahitaji mkunjo mkubwa sana, na ukimtazama pembeni utadhani ana kasoro. Wote wazima. Sasa mlazimishe wa pili asimame na kiuno cha yule wa kwanza: kiwiliwili kitamlalia mbele. Ili asianguke atazungusha nyonga nyuma, hiyo isipotosha atakunja magoti, na misuli ya mgongo na mapaja itafanya kazi kutwa nzima kwa jambo ambalo mifupa ingelifanya bila gharama. Ni kama magunia yaliyopangwa stoo: la chini kabisa limekaa vipi, ndivyo yote ya juu yanavyolazimika kupangwa.

Kwa wale mlio karibu na ukuta, naomba msimame. Visigino, makalio na mabega yaguse ukuta. Ingizeni kiganja nyuma ya kiuno. Mmoja wenu kiganja kinabana, mwingine mkono unapita hadi kwenye kiwiko. Msichekane. Hapo mnagusa tofauti ya nyonga zenu, na hakuna kati yenu aliyeshindwa mtihani.

Tofauti hiyo imeandikwa. Mwaka 2005 Raphaël Vialle na wenzake walichapisha vipimo vya watu wazima 300 wasio na maumivu, na wastani wa insidensi ulikuwa nyuzi 55, lakini watu walianzia nyuzi zisizofika 35 na kwenda hadi zinazozidi 80. Mwaka huo huo Pierre Roussouly wa Lyon aliwapanga wazima 160 katika aina nne za mgongo kwa kuangalia mteremko wa sakramu: walio chini ya nyuzi 35 wana aina mbili, walio kati ya 35 na 45 wana ya tatu, na waliozidi 45 ya nne. Jean Dubousset alikuwa amekwisha kueleza kwamba mwili uliosimama huyumba ndani ya eneo dogo lenye umbo la pia, nyayo zikiwa ncha yake, na kwamba ndani ya eneo hilo kusimama hugharimu nguvu kidogo sana. Ukitoka nje ya eneo hilo, unalipa kwa misuli.

Akina mama wana jambo lao. Mwaka 2007 Katherine Whitcome na wenzake walionyesha katika jarida la Nature kwamba mkunjo wa kiuno kwa mwanamke umeenea katika pingili tatu zenye umbo la kabari, ambapo kwa mwanamume ni mbili. Kwa hiyo mjamzito anaweza kuongeza mkunjo ili kuirudisha mimba juu ya nyonga zake bila kuzielemea pingili kupita kiasi. Mama lishe mwenye mimba ya miezi minane anayekoroga sufuria la wali kwa saa nzima pale nyuma ya soko anategemea umbo hilo kila dakika.

Kipimo sahihi cha mtu mmoja mmoja, basi, ni uhusiano: kiuno chake kinalingana na nyonga yake? Madaktari wengi wa upasuaji hutumia kanuni kwamba mkunjo wa kiuno usipishane na insidensi kwa zaidi ya nyuzi 10 hivi. Kanuni nzuri. Hoja yangu inayofuata inauliza imetoka kwa nani.

3. Wazima tunaolinganishwa nao walipimwa kwingine

Vipimo vya mwanzo ni vya Wafaransa. Baadaye watafiti wa Marekani, Ufaransa, Japani, Singapore na Tunisia waliungana wakapima wazima 468 kwa utaratibu mmoja, kazi kubwa ninayoiheshimu sana. Afrika iliwakilishwa na Tunisia peke yake. Kusini mwa Sahara hapakuwa na kituo hata kimoja.

Toka Msimbazi, pita Fire, shika Barabara ya Umoja wa Mataifa, unafika Muhimbili. Pale kuna MOI, taasisi yetu ya tiba ya mifupa iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996. Pale pingili za Watanzania zinafungwa kwa skrubu na vyuma. Daktari anapofunga kiuno kwa chuma, anachagua pembe ambayo mtu huyo ataishi nayo mpaka kufa. Akichagua ndogo mno, mgonjwa atainama mbele na pingili za juu ya chuma zitachakaa kabla ya wakati. Nataka daktari yule awe na namba za watu wa mji huu mezani kwake anapochagua.

Sisemi kwamba Mtanzania ana mgongo wa peke yake duniani. Huenda tukipima tukakuta wastani wetu haupishani na wa Lyon, na hayo yatakuwa matokeo mazuri sana, kwa kuwa tutazitumia namba zile kwa uhakika. Ninachokataa ni kukisia, na macho hasa ni mashahidi wabaya. Kwa miaka mingi ilisemwa, hata katika vitabu vya tiba, kwamba watu weusi wana kiuno kilichoingia ndani kuliko weupe. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Mosner waliwapima wanawake weusi na weupe kwa eksirei. Mifupa haikuonyesha tofauti yenye maana. Kilichowadanganya watazamaji ni ukubwa wa makalio.

4. Kariakoo inabeba, na inabeba kwa namna zote

Mahali hapa pamekuwa pa wachukuzi kwa zaidi ya karne. Baada ya Waingereza kuutwaa mji mwaka 1916, hapa palikuwa na kambi ya kikosi chao cha wachukuzi, na jina la kikosi hicho ndilo linalotamkwa na kila kondakta wa daladala. Makumi ya maelfu ya wachukuzi wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Kilichohesabiwa kwa makini kilikuwa mizigo.

Hata sasa mzigo una sheria. Wakala wa Vipimo wanapambana na lumbesa, na kanuni zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Kanuni hiyo inamlinda mkulima asipunjwe, na ni ya haki. Lakini kilo 100 ni halali kwa mizani, na gunia hilo hilo linashushwa kwenye lori na kuwekwa juu ya mgongo wa kijana wa kilo 60. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 lilitaja kilo 55 kuwa mwisho wa mzigo wa mwanamume mmoja. Mfuko wa saruji wa kilo 50 umo humo kwa shida. Gunia la viazi halimo kabisa.

Kubeba kwenyewe kuna elimu. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha katika Nature kwamba wanawake wa Kijaluo waliobeba kichwani, na wa Kikikuyu waliobeba kwa mkanda wa kwenye paji la uso, waliweza kutembea na mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu ya ziada yoyote. Mwaka 1995 ilielezwa kwamba hatua zao zilihamisha nishati vizuri zaidi mwili ukipanda na kushuka. Ulimwengu ulishangaa. Lakini mwaka 2010 Ray Lloyd na wenzake walipowapima wanawake wa Kixhosa huko Afrika Kusini hawakukuta nafuu hiyo kwa jumla, na walikuta watu wakitofautiana sana. Na shingo nazo zina hesabu yake: mwaka 1968 Laurence Levy, daktari huko Salisbury, ambayo leo ni Harare, aliandika katika British Medical Journal juu ya shingo za wabeba mizigo zilivyoumia.

Msisahau kwamba asilimia 20 ya kilo 60 ni kilo 12. Hiyo ni sinia la matunda juu ya kata. Gunia ni habari nyingine.

Hapa mtaani tunazo namna zote kwa pamoja: kichwani kwa kata, begani, mgongoni, kusukuma mkokoteni, kukanyaga guta, belo la mitumba la watu wawili. Halafu kuna wanaokaa, mafundi cherehani na wenye maduka, na wanaosimama kutwa. Sijui mtaa mwingine Afrika Mashariki ambapo ndani ya mwendo wa dakika kumi unaweza kulinganisha nyonga na migongo ya watu wenye kazi tofauti hivi, wanaokula chakula kimoja na kuishi katika joto moja.

Kuna mtego mmoja hapa, nao ni muhimu kuliko yote niliyosema katika hoja hii. Tukiwapima wachukuzi waliopo kazini leo, tutakuta wengi wazima, na mtu mwenye haraka atasema: mnaona, kubeba hakudhuru. Walioumia hawapo. Wamerudi Mtwara na Singida, wamegeukia kuuza karanga, au wamelala ndani Buguruni. Kila kipimo cha wazima wa Kariakoo lazima kiende na daftari la walioacha kazi, na kiwatafute.

5. Inawezekana kupima bila kumdhuru mtu

Eksirei ya mwili mzima ina mionzi, na asiyeumwa hana faida ya moja kwa moja nayo. Nalisema hili wazi ili pasiwe na hofu. Mashine za kisasa za kupiga picha mtu akiwa amesimama, zilizotokana na vipokezi vya Georges Charpak, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1992, hupunguza sana dozi. Hata hivyo watu wa kupigwa picha wawe wachache, wajitolee, wajawazito wasiwemo, na kila kitu kipite kwenye kamati ya maadili ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na masharti ya Tume ya Nguvu za Atomiki.

Wengine wote wapimwe kwa vifaa ambavyo mafundi wetu wanavijua. Timazi ikishushwa kutoka kwenye pingili inayotokeza chini ya shingo inaonyesha kama kiwiliwili kimelala mbele ya nyonga. Pima maji ya pembe, ambayo leo imo ndani ya simu, ikiwekwa juu na chini ya kiuno inasoma mkunjo. Rula ya kupindika inalala juu ya mgongo na umbo lake linachorwa kwenye karatasi. Vifaa hivi havioni insidensi, hiyo inahitaji picha. Lakini wachache wakipimwa kwa njia zote mbili, tutajua vipimo vya nje vinakosea kwa nyuzi ngapi.

Saa ya kupima nayo ina uzito. Mtu hupungua kimo kwa zaidi kidogo ya asilimia 1 kati ya kuamka na kulala, diski zinapokamuliwa maji, na zaidi ya nusu ya upungufu huo hutokea saa ya kwanza baada ya kuamka. Mchukuzi anayeanza kazi saa tisa usiku hawezi kulinganishwa na mwenye duka aliyefungua saa mbili asubuhi kama wote wamepimwa saa nne. Tuhesabu saa tangu mtu aamke, na tupime kabla ya mzigo na baada yake.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimalizie na yanayotungoja. Ninaomba vitu vitatu. Kwa viongozi wa wafanyabiashara, chumba kimoja karibu na soko chenye ukuta ulionyooka, pazia, na mlango unaofungwa, maana mtu anavua shati na mwanamke anastahili kupimwa na mwanamke mwenzake. Kwa walimu wa Muhimbili, wanafunzi watakaofundishwa kupima mpaka wawili wakimpima mtu mmoja wapate nyuzi zile zile. Kwa wachukuzi, majina ya wenzenu walioacha.

Kila atakayepimwa apewe karatasi yake siku hiyo hiyo, kwa Kiswahili, na aelezwe. Jina lake lisiende kwa tajiri wake. Nalisisitiza hilo kwa sababu kipimo cha mgongo kinaweza kugeuzwa kuwa kisingizio cha kumnyima mtu kazi.

Swali la kwanza ninalotaka tulijibu ni hili: mchukuzi aliyebeba miaka ishirini bila kuumwa, na yule aliyeacha baada ya miaka mitatu, je, nyonga zao zilitofautiana tangu mwanzo, au tofauti iko katika mizigo waliyopewa? Kama ni mizigo, tutakwenda kwa wenye sheria ya lumbesa na namba za migongo pamoja na za mizani. Kama ni nyonga, kijana wa miaka 18 anayefika mjini leo ataweza kuambiwa mapema mwili wake unafaa kubeba kwa namna gani.

Nipo tayari kwa maswali. Naomba tuanze na wachukuzi waliokaa nyuma, maana malori ya usiku yakifika watatakiwa kuondoka.